Sabufa kwa sebule ya Kagerankanda: maneno kwanza, mtikisiko baadaye

Mbele ya boksi wameandika wati 8,000. Geuza sabufa yenyewe, utaona kibandiko kidogo pale waya wa umeme unapoingilia, kimeandikwa kwamba inakula wati 40. Ya kuamini ni hiyo ya nyuma. Hakuna kifaa kinachotoa nguvu nyingi kuliko kinazokula, na amplifaya za aina iliyozoeleka hupoteza karibu nusu kwa kupata joto. Kinachofika kwenye spika ni kama wati 20, tena za kugawana. Zile 8,000 zinaitwa PMPO, hesabu ambayo kila kiwanda hujipangia kivyake. Namba ya kuulizia dukani ni RMS, na isipoandikwa popote, soma kibandiko cha nyuma ugawe kwa mbili.

Kwa watu wa Kagerankanda na vijiji vya kule juu kati ya Kasulu na Kibondo, hesabu hii ina uzito wa pekee. Miaka mingi mkoa wa Kigoma uliendeshwa kwa majenereta ya dizeli, na gridi ya Taifa ilipofika Kasulu na Kibondo mwaka 2022, kaya nyingi zilikuwa zimeshazoea sola. Ndiyo maana sabufa inayotafutwa ni ile yenye njia mbili, umeme wa ukutani na betri ya volti 12. Kwenye betri fizikia haina huruma: amplifaya ya volti 12 inayosukuma spika ya omu 4 haivuki wati 18 hivi kwa kila spika, hata ikiunganishwa kwa mtindo unaotumia volti zote kwa pande mbili. Ikizidi hapo inakwaruza. Kuvuka kikomo hicho kunahitaji sakiti ya kupandisha volti, na kwenye sabufa za bei nafuu usiitegemee.

Wati 18 si haba hata kidogo. Spika ndogo ya kawaida ikipewa wati moja hutoa desibeli 85 hivi kwa mtu aliye mita moja mbele yake. Mtu akikaa kwenye kochi, mita mbili na nusu, zinabaki kama 77, wakati mazungumzo ya kawaida ya watu wawili ni 60 hadi 65. Kwa hiyo wati moja tu tayari inawashinda waliokaa sebuleni wakipiga soga. Na kuongeza nguvu mara mbili, mfano kutoka wati 10 hadi 20, huleta desibeli 3 tu, tofauti unayoisikia ukiwa umetega sikio. Fedha ya kununua wati ingefaa zaidi ikinunua kitu kingine.

Kitu gani, hapo inategemea kinachotazamwa. Sebule niliyoifanyia hesabu ni ya mama yangu mdogo, mwalimu mstaafu. Ni chumba cha mita 3 kwa 4, matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji, bati juu na silingibodi hakuna. Runinga inchi 32, king'amuzi, na flash iliyojaa filamu zilizotafsiriwa. Muuza duka pale Kasulu mjini alimwonyesha mtambo wenye taa za rangi na spika tano: "Mama, hii ukiiwasha jirani anajua umenunua." Mama mdogo akamtazama, kisha akanigeukia mimi: "Mwanangu, mimi nataka nisikie maneno. Jirani ana ya kwake."

Alikuwa amesema jambo zima kwa sentensi moja. Filamu iliyotafsiriwa, ile sanaa waliyoikuza akina Lufufu na DJ Mark hapa kwetu, na akina VJ Jingo kule Uganda, ni sauti ya mtu mmoja iliyopachikwa juu ya filamu nzima. Anasimulia, anaigiza, anatania, na chini yake risasi na muziki wa filamu vinaendelea kunguruma. Sauti hiyo kwa kawaida inatoka sawasawa kushoto na kulia. Hakuna helikopta inayopita nyuma ya kochi, maana hata kama ilikuwepo kwenye filamu ya asili, kwenye nakala hii imeshabanwa ndani ya njia mbili.

Hapo ndipo mtambo wa spika tano unapoanguka. Ukitazama nyuma yake unakuta matundu mawili tu ya kuingizia sauti, jekundu na jeupe. Njia mbili zikiingia, spika tano zinatoka na nini? Nakala ya zilezile mbili. Spika za nyuma zinarudia maneno ya DJ karibu na kisogo chako, na maneno yanayokufikia kutoka pande nne ndani ya chumba cha saruji yanachanganyikana. Mfumo halisi wa njia tano na sabufa unataka chombo kinachotoa njia hizo zikiwa zimetengana, na waya wa kuzipitisha, mara nyingi HDMI au ule wa mwanga. Kama huna chombo hicho, spika tatu za ziada ni mapambo.

Tukabaki na mbili na sabufa. Lakini mbili zipi? Kwa maoni yangu huu ndio uamuzi mkubwa kuliko yote, na ndio usioulizwa dukani. Sauti ya mwanamume inapoongea huanzia kama hezi 85 na kupanda. Spika ya inchi 2, zile za kukaa kiganjani, haiwezi kitu chini ya hezi 200 hivi, kwa hiyo mtengenezaji huiachia sabufa ipige mpaka huko juu. Matokeo yake DJ anakatwa vipande viwili: kifua chake kinatoka kwenye boksi lililo sakafuni pembeni, ulimi wake unatoka juu kwenye runinga. Wenye viwango vya THX huweka mpaka kati ya sabufa na spika nyingine kwenye hezi 80 kwa sababu chini ya hapo sikio halijui sauti imetoka upande gani. Spika ndogo mno haziruhusu mpaka huo.

Spika ya inchi 4 ina eneo la koni mara nne ya ile ya inchi 2. Kwa sauti ileile koni yake inatembea robo ya mwendo, na inashuka chini kiasi cha kubeba sehemu kubwa ya sauti ya mtu peke yake. Tulipata za inchi 3 na nusu, kwenye maboksi ya mbao iliyosagwa, si plastiki. Boksi la plastiki ukiligonga kwa kifundo cha kidole linaimba. La mbao linajibu kwa mkato. Boksi likiimba dukani, litaimba na nyumbani juu ya kila neno.

Kuhusu udogo wa boksi lenyewe, kuna kanuni ya zamani inayohusishwa na Josef Anton Hofmann, mmoja wa watatu walioanzisha kampuni ya KLH Marekani mwaka 1957. Boksi dogo, besi ya chini kabisa, na sauti kubwa kwa umeme kidogo: chagua mawili, la tatu unaliacha. Mwenye betri hawezi kuacha umeme kidogo, na mwenye sebule ya mita 3 hana pa kuweka kabati. Anaacha besi ya chini kabisa. Kwa maneno ya DJ hakupungui kitu. Nakubali kwamba kwa wenzetu wa Makere, jirani na kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo, ambako jioni ni ya bolingo, hesabu inaweza kugeuka: gitaa la besi hushuka hadi hezi 41, na kuipiga hiyo kunataka koni pana na boksi kubwa.

Chumba nacho kina lake. Urefu wa mita 4 hukuza sauti ya karibu hezi 43, upana wa mita 3 hukuza ya 57, hasa sabufa ikisukumwa kwenye kona, ambako wengi hupenda kuiweka kwa kuwa haizuii njia. Tuliitoa kwenye kona ikakaa chini ya meza ya runinga, na spika mbili zikatenganishwa kwa upana wa meza na zaidi, usawa wa sikio la mtu aliyekaa. Zulia na pazia zito vilisaidia kuliko kitufe chochote cha rimoti. Bati lilikuwa likicheza mahali pamoja juu ya mlango. Tatizo hilo liliisha kwa msumari.

Dukani usijaribu kwa muziki wa muuzaji, yeye ameuchagua. Fungua redio, taarifa ya habari, TBC Taifa au Radio Kwizera ya Ngara, shusha sauti hadi iwe ndogo, urudi nyuma hatua kadhaa. Ukilazimika kukisia neno, rudisha rafuni. Halafu sukuma koni taratibu kwa vidole viwili, ukisikia mkwaruzo ujue koili inagusa sumaku. Jaribio hilo lirudie ukifika nyumbani, maana barabara na keria ya bodaboda vinaweza kuhamisha sumaku ya spika nzima, na risiti ni ya siku chache.

Kwenye betri ya volti 12 ya ampea-saa 50, ukitumia nusu yake tu ili isife mapema, una wati 300 za saa moja. Runinga ya DC na sabufa vikila jumla ya wati 45, ni saa sita na ushee, filamu tatu. Mvua ya Kigoma ikianza kupiga bati, hata hivyo, hakuna spika ya bei yoyote itakayoishinda, na filamu ya DJ haina maandishi ya kusoma chini. Mama mdogo hubonyeza kitufe cha kusimamisha filamu, akasubiri mvua ipite.