Nakala Mbili za Harusi Moja

Ukutani kwangu nimetundika picha mbili, na kwa kweli ni picha moja. Zote zimetoka katika faili lile lile, lililopigwa Gitega siku ya harusi ya mtoto wa dada yangu, wapiga ngoma walipokuwa ndio kwanza wameingia uwanjani. Watu wa bwana harusi, wenyeji wa Gitega, walilipeleka faili kwa fundi wao. Sisi wa Muyinga tulilitia kwenye flashi, tukarudi nalo kwa barabara ya Karuzi, tukamkabidhi kijana mwenye studio karibu na soko. Kila upande ukatoka na picha yake. Aliyezoea kusoma tenzi za zamani anaijua hali hii: utungo mmoja, hati mbili, na kila mnakili ameacha mkono wake. Mhakiki huuliza lipi ni la mtunzi na lipi ni la mnakili. Mimi naongeza swali la tatu: lipi ni la kalamu? Maana kalamu ya mafundi hawa ni kompyuta ya mezani, na kila mwaka vijana huniuliza wanunue ipi kwa kazi ya picha. Jibu langu siku hizi ni kuwaonyesha ukuta.

Tuanze na utungo wenyewe, kabla mafundi hawajaugusa. Mpiga picha alichuchumaa kidogo, ndiyo maana vichwa viko juu kuliko tulivyozoea. Fremu imegawanyika kama mshororo wenye ukwapi na utao. Kushoto, ukwapini, yuko bibi harusi ndani ya imvutano nyeupe, mikono imetulia tumboni, macho yametazama pembeni. Kulia, utaoni, mpiga ngoma yuko hewani, magoti yamekunjwa, fimbo mbili juu ya kichwa, shuka lake jekundu limevimba kwa upepo. Kati yao imesimama ngoma, gogo la mti ambao Warundi wenyewe wameuita umuvugangoma. Hapo ndipo penye kituo, msomaji anapovuta pumzi.

Nyuma kabisa, katika upenyo kati ya ngoma na bega la bibi harusi, yuko mtoto wa miaka minne au mitano aliyeziba masikio kwa viganja. Picha haina sauti. Mtoto yule ndiye sauti yake. Bila yeye, yule aliyeruka anaruka tu, na bibi harusi ametulia tu kama anayesubiri basi. Ukimwona mtoto, fremu nzima inapiga kishindo, na utulivu wa bibi harusi unageuka kuwa ujasiri. Kina chote cha picha kimefungwa na vidole kumi vidogo.

Nakala zote mbili zimempoteza mtoto huyu, kila moja kwa njia yake.

Nakala ya Gitega imemfuta. Umati wote wa nyuma umekatwa, na mahali pake pamewekwa bustani ya maua yenye maporomoko ya maji, bustani ambayo haiko Gitega wala popote Burundi. Kukata na kubandika peke yake si kosa. Omar Said Bakor wa Lamu alikuwa akizikata picha za wateja wake kwa mkono na kuziweka ndani ya maua na mioyo zamani kabla Photoshop haijatoka mwaka 1990. Lakini mkasi wake ulijionyesha: aliyeitazama picha alijua kuwa anaona pambo, kama anavyojua kuwa mshairi akisema mpenzi wake ni lulu hatupeleki sonara akampime. Bustani ya Gitega inataka tuamini kuwa ni mahali. Hapo ndipo inapoanguka, kwa sababu jua lake linatoka kushoto, na uso wa bibi harusi umepigwa jua la kulia. Mshororo una mizani mbili.

Sikumlaumu fundi haraka. Nilikwenda kumwona akifanya kazi, na kompyuta yake ni ya nguvu: RAM ya GB 32, kadi kubwa ya picha, diski ya SSD. Faili letu lina pikseli 6000 kwa 4000, yaani milioni 24. Kila pikseli huchukua baiti tatu, moja ya nyekundu, moja ya kijani, moja ya bluu, hivyo tabaka moja likifunguliwa linakula takriban MB 72. Yeye alikuwa na matabaka zaidi ya kumi na tano, na mashine haikukohoa hata mara moja. Kila alilolifikiria lilitendeka papo hapo. Bustani ikaja, njiwa wakaja, mng'aro juu ya ngoma ukaja. Pasipo na kitu cha kumzuia mtu, huongeza, na huo ndio ulevi wa washairi chipukizi waliogundua kamusi.

Kisha kuna shuka jekundu. Nyekundu, nyeupe na kijani ni rangi za bendera yetu, na ndizo za wapiga ngoma kuanzia Gishora, mwendo mfupi kutoka mjini Gitega, hadi jukwaa lolote walikoalikwa tangu UNESCO ilipoitambua ngoma hii mwaka 2014. Tena tangu amri ya rais ya 2017, kupiga ngoma nje ya sherehe za serikali kunahitaji kibali cha wizara, kwa hiyo familia iliyofanikiwa kuipata ngoma harusini hutaka ionekane. Fundi akaikoleza nyekundu. Lakini kompyuta huandika kila rangi kwa namba, kuanzia 0 hadi 255, na juu ya 255 hakuna kitu. Shuka lililopigwa jua tayari liko karibu na kilele. Ukilikoleza, sehemu zenye mwanga na sehemu za mikunjo zote zinagonga dari, na kitambaa kinageuka kuwa bango lililopakwa rangi ya mafuta. Upepo umetoka ndani ya shuka. Anayeruka hana tena kinachomwinua.

Nakala ya Muyinga haina dhambi hiyo. Mikunjo yote ipo, naweza kuihesabu. Ukataji wake wa pembeni pia ni wa mtu mwenye jicho: amepunguza anga, amesogeza ngoma karibu zaidi na kituo, na ukwapi na utao vinapumua pamoja. Kijana huyu ana kompyuta ya ofisi iliyotumika, zile Dell OptiPlex zinazotufikia zikiwa zimeshamaliza utumishi wao kwa watu wengine, RAM GB 4, nusu yake ikimezwa na Windows kabla ya kazi kuanza. Tabaka la tatu likifunguliwa, diski huanza kukoroma. Kwa hiyo huunganisha matabaka mapema, na akishaunganisha hana njia ya kurudi. Hilo limemfundisha kufikiri kabla ya kugusa. Umaskini wa mashine umempa adabu ya ubeti.

Lakini picha yake ni nyeusi. Uso wa bibi harusi una rangi ya chungu kilichochomwa, imvutano imekuwa ya maziwa yaliyotiwa chai, na mtoto wetu amezama. Ukiikaribia sana na ukijua pa kutafuta, utaona kivuli chenye viwiko viwili. Shangazi yake bibi harusi, mwenye ulimi usiolala, alizitazama picha zote mbili akasema: “Huyu wa Muyinga kaungua jua. Na huyu wa Gitega, kahamia nchi gani?”

Kosa la Muyinga halikuanzia mkononi mwa kijana. Lilianzia kwenye kioo. Skrini yake imebaki kama ilivyotoka kiwandani, mwangaza umefunguliwa hadi mwisho, na weupe wake umewekwa kwenye kelvini 9300, weupe wa kibluu. Kipimo cha kazi ya picha ni 6500, na ndicho kilichomo katika sRGB, kanuni ya rangi ambayo HP na Microsoft waliitoa mwaka 1996 na ambayo kamera na printa nyingi bado zinaifuata. Jicho linaloona bluu hutia njano na nyekundu mpaka uso ukae sawa. Juu ya skrini uso ukakaa sawa. Juu ya karatasi bluu ile haipo, ila dawa yake imebaki, na ndiyo tunayoiona. Mwangaza nao ni hivyo hivyo: skrini inayowaka kama taa ya gari humfanya fundi apunguze, na karatasi, isiyowaka, hutoka na giza.

Kuna jambo jingine nililoliona mle studio ambalo sijalisoma popote. Skrini yake ni ya aina ya TN, ambayo hubadilika rangi kwa pembe. Kijana ameketi, macho yako sawa na kioo. Mteja amesimama nyuma ya bega lake, anatazama kutoka juu, na kutoka juu TN hufifia. “Imepauka, ikoleze kidogo,” anasema mteja. Kijana haoni kilichopauka, lakini mteja ni mteja, anakoleza. Watu wawili, skrini moja, picha mbili, na ile inayosafishwa si ya yeyote kati yao. (Sisi bado tunasema kusafisha picha, ingawa dawa za maji na chumba cha giza vimekwisha siku nyingi, na kinachotoa picha ni Epson ya wino wa rangi sita.)

Tabia ya kifaa kuamua ngozi yetu ionekaneje si mpya. Kwa miongo mingi maabara za filamu zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, zikaitwa kadi za Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine iko sawa. Ngozi nyeusi zilijitegemea. Skrini ya 9300 ni Shirley mwingine, ila huyu hana uso, na anaweza kubadilishwa kwa vitufe vilivyo chini ya fremu.

Kwa hiyo kijana akiniuliza anunue kompyuta ipi, sianzi na sanduku, lile ambalo mitaani wanaliita CPU lote zima. Naanza na skrini: ya aina ya IPS, ya inchi 24 inatosha, inayofikia sRGB yote, na ipimwe kwa kipima rangi, kifaa ambacho studio mbili au tatu zinaweza kuchanga na kupokezana. Sanduku la ofisi lililotumika linafaa, mradi likubali RAM ya GB 16 na SSD. Ila yale membamba yaangaliwe, maana umeme wake wa ndani ni mdogo na hayabebi kadi kubwa ya picha. Kadi hiyo inaweza kusubiri. UPS haiwezi: kompyuta ya mezani haina betri, na umeme wetu haupigi hodi unapoondoka. Programu? Photoshop inalipiwa kwa mwezi, kwa kadi ya benki ambayo vijana wengi hawana. GIMP ni ya bure, na toleo la 3.0 la mwaka 2025 limeleta marekebisho yanayoweza kutenguliwa baadaye, jambo ambalo mtu wa GB 4 hakuwahi kuliota.

Wiki iliyopita nilimrudishia kijana wa Muyinga picha yake. Nilimwomba aifungue kwenye skrini, aiweke karatasi kando, mlango wazi, mwanga wa mchana. Akazitazama kwa zamu, akacheka kidogo, cheko la mtu aliyeshikwa. Akabonyeza kitufe cha chini akashusha mwangaza, akashusha tena, akautoa weupe kwenye 9300 akauweka 6500, mpaka skrini ikawa na giza lile lile la karatasi na rangi ile ile ya chungu. Kwa mara ya kwanza alikuwa anaiona picha tuliyoitundika sisi.

“Mzee,” akasema, “lile faili la mwanzo unalo?”

Nilikuwa nalo mfukoni. Akalifungua, akaenda moja kwa moja kwenye vivuli, akaanza kuviinua polepole, hatua kwa hatua, diski ikikoroma. Upenyo kati ya ngoma na bega ukapambazuka. Viwiko vikatoka kwanza, kisha viganja.

“Kumbe kuna mtu hapa,” akasema.