Maoni Juu ya Mashine

Maoni ni mali ambayo kila mtu anayo, wala hakuna atozwaye kodi kwa kuwa nayo. Maskini aweza kuwa nayo mengi kuliko tajiri, na kijana aweza kuyatoa kwa haraka kuliko mzee. Kwa sababu hii maoni hudhaniwa kuwa kitu kisicho gharama. Dhana hiyo si kweli. Kila shauri lina bei yake, ila mara nyingi alitoaye siye alilipaye. Haja ya insha hii ni kuyapima maoni yatolewayo juu ya kompyuta katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, ili tujue lipi katika hayo ni nafaka na lipi ni makapi.

Katika miaka ya mwanzo ya 1960, shirika la reli la Afrika Mashariki lilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuwa na kompyuta katika nchi ya Kenya. Wafanyakazi wengi wa reli walikaa Muthurwa na Makongeni, mitaa iliyojengwa kwa ajili yao. Mashine ilikuwa ofisini, na mtu wa Makongeni hakuulizwa aionaje. Siku hizi mambo yamegeuka. Kompyuta imo dukani Kayole, imo sebuleni Donholm, na simu iliyo mfukoni mwa makanga wa matatu ya Buruburu ni kompyuta pia. Palipo na mashine pana mashauri. Hili si jambo la kulaumu. Watu huru hubishana juu ya vyombo vyao, na ubishi ukiwa mwema ni shule isiyo na karo. Lakini ubishi una adabu zake, na ukizikosa hugeuka kelele.

Nitatoa mfano mmoja. Jumamosi moja ya Oktoba, mwaka 2025, nilikuwa katika kibanda cha kinyozi mtaani Umoja. Mama mmoja alimleta mwanawe kunyolewa. Mama huyu ana saiba ndogo huko Kayole, yenye kompyuta 6. Watu huenda kwake kuomba vyeti katika eCitizen, kutoa taarifa za kodi, kuandika barua za kazi na kupiga chapa. Alikuwa amesikia ya kuwa Windows 10, mfumo endeshi uliomo katika mashine zake, umefika mwisho. Akauliza waliokuwapo afanye nini.

Kwa msomaji asiyejua, mfumo endeshi ni mnyapara wa kompyuta. Ndio ugawao kazi kwa vyombo vyote vya mashine na kuzipa programu nyingine ruhusa ya kutenda. Windows 10 ulitolewa mwaka 2015 na kampuni ya Microsoft ya Marekani. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni hiyo iliacha kuutolea bure viraka, yaani masahihisho ya kuziba nyufa ambazo wezi huweza kupenyea. Habari hiyo ndiyo iliyomsumbua mama yule, na alikuwa na haki ya kusumbuka.

Majibu yalikuwa matatu, na kila jibu lilitolewa kwa sauti kubwa kuliko lililotangulia.

Wa kwanza kujibu alikuwa kijana mwenye laptopu mpya begani. "Zitupe, Mama," alisema. "Zama zake zimepita. Nunua mpya." Katika maneno haya umo ukweli. Windows 11, uliotolewa mwaka 2021, haukubali kila mashine. Hutaka kijisahani maalumu cha usalama, na kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hukataliwa. Lakini shauri hili lina kasoro tatu. Kwanza, halikuuliza fedha zitatoka wapi. Mwenye laptopu mpya alipima mfuko wa mwingine kwa mkono wake mwenyewe. Pili, lilichanganya uzee na ubovu. Kompyuta nyingi za zamani ni nzito si kwa sababu akili yake imechoka, bali kwa sababu diski yake ni sahani izungukayo, na kila habari itakiwapo ni lazima sindano ihame mahali kwenda kuitafuta. Fundi akiitoa diski hiyo na kutia ya SSD, isiyo na kitu kizungukacho, mashine ile ile huamka kama mtu aliyetoka usingizini. Tatu, neno "tupa" ni jepesi mdomoni, lakini kitupwacho huangukia mahali. Watu wa mashariki ya Nairobi hawana haja ya kufundishwa mahali hapo. Jaa la Dandora lilisemwa kuwa limejaa tangu mwaka 2001, na moshi wake unajulikana na wakazi wa karibu. Ndani ya mashine kuukuu mna risasi na sumu nyinginezo. Asemaye "tupa" hunena kama kwamba hakuna mtu akaaye upande wa pili wa jaa.

Wa pili alikuwa mwenye karakana ya kuchomea vyuma, mtu mzima na mstahiki. Alicheka akasema, "Je, zinawaka? Kama zinawaka, waache waseme. Mashine yangu ya kuchomea ina miaka 20, na sijaitia kiraka." Hapa pia pana ukweli. Kompyuta haikufa usiku wa tarehe 14. Iliwaka asubuhi yake kama ilivyowaka jana, na mtu mwenye hofu ya kupita kiasi huuza ng'ombe kwa bei ya mbuzi. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Lakini ulinganisho wake ulikuwa na pengo. Mashine ya kuchomea haishiki siri za watu. Kompyuta ya saiba hushika nambari za vitambulisho, maneno ya siri na picha za vyeti vya jirani wasio na habari. Mwezi Mei mwaka 2017 programu ya uharibifu iitwayo WannaCry ilienea katika nchi zaidi ya 100, ikazifunga kompyuta na kudai fidia. Hata hospitali za Uingereza ziliwarudisha wagonjwa nyumbani. Kiraka cha kuziba ufa huo kilikuwa kimekwisha tolewa mwezi Machi. Walioumia zaidi ni wale ambao hawakukitia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika saiba ukuta ubomokao ni wa wengi. Mtu aweza kuihatarisha mali yake akitaka, lakini hana ruhusa ya kuhatarisha amana.

Wa tatu alikuwa mwanafunzi wa chuo. Yeye alisema, "Tia Linux, Mama. Ni bure, ni salama, na anayetumia Windows hajui kompyuta." Ukweli wa shauri hili ni mwingi. Linux ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, alipokuwa mwanafunzi mjini Helsinki katika nchi ya Ufini, na tangu hapo umejengwa na maelfu ya watu wa mataifa mengi. Hauna ada. Aina zake nyingine hutosheka na mashine ambayo Windows 11 huikataa, na viraka vyake huendelea kutolewa. Kijana wa kwanza aliposikia jina hilo alicheka, akauita mchezo wa wanafunzi. Hakujua ya kuwa simu ya Android aliyoishika wakati huo huo imejengwa juu ya kiini cha Linux. Alikuwa akikidharau kitu kilichomtumikia mkononi! Hivyo ndivyo dharau ilivyo. Mara nyingi ni ujinga uliovaa nguo za sikukuu.

Lakini mwanafunzi naye alikosa. "Bure" yake ilihesabu ada ya kununua, haikuhesabu kazi ya kujifunza. Yapo majedwali yaliyoundwa kwa Excel ambayo hayafunguki sawasawa katika programu nyingine. Zipo mashine za kupiga chapa ambazo hazipatani upesi na mfumo mgeni. Mteja aliyepanga foleni hataki kusikia historia ya Helsinki. Ataka karatasi yake. Zaidi ya hayo, mwanafunzi alikosa adabu. Aliyemwambia mama kuwa hajui kompyuta alisahau ya kuwa mama huyo amewalisha watoto kwa kompyuta kwa miaka mingi, na yeye bado analishwa.

Ubishi ukawaka. Jina la prosesa likatupwa kama jiwe, jina la RAM likajibu kama rungu. Kila mmoja alitumia maneno ya kigeni si kueleza, bali kutisha. RAM ni meza ambayo mashine huweka kazi iliyo nayo kwa wakati huo, na prosesa ni mtenda kazi aketiye mezani. Maneno hayo mawili mepesi yangalitosha kumwelimisha kila aliyekuwapo. Hakuna aliyeyasema. Elimu iogopayo kueleweka ina shaka na nafsi yake.

Ndipo mama yule aliposimama kumpangusa mwanawe nywele shingoni. Alisema kwa upole, "Wanangu, mimi sikuuliza mashine ipi ni bora, wala nani ana akili. Nimeuliza Jumatatu nifungue duka vipi."

Kibanda kikanyamaza. Katika muda wa nusu saa hakuna hata mmoja aliyeuliza mashine zake zilitengenezwa mwaka gani. Hakuna aliyeuliza wateja wake hufanya kazi gani zaidi. Hakuna aliyemwambia ya kuwa kampuni ilitoa mwaka 1 wa nyongeza ya viraka kwa kompyuta za nyumbani, ili apate kujua kama nyongeza hiyo yamhusu mwenye biashara au haimhusu. Majibu yalikuwa matatu na maswali hayakuwapo. Waliokuwa wakishindana walidhani wanashindania ukweli, kumbe walikuwa wakishindania kiti.

Baadaye nilipata kujua mwisho wa habari. Mama alimwita fundi wa Buruburu, mtu wa maneno machache. Fundi alizifungua mashine zote 6, akaandika mwaka na hali ya kila moja katika daftari. Ikaonekana ya kuwa 2 zilikuwa za karibuni, zenye kila kitakwacho na Windows 11, na kuhamia kwake hakukuwa na ada. Hizo zikawekwa kwa kupiga chapa na kwa majedwali. Tatu zilitiwa diski za SSD na mfumo wa Linux, kwa wateja wanaotaka mtandao tu, kwa kuwa kurasa za eCitizen hufunguka humo bila taabu. Moja ilikuwa imeungua ubao wake. Hiyo ilivuliwa vipuri vilivyofaa, na mabaki yake yakapelekwa Utawala, kwenye kituo kinachopokea taka za elektroniki, wala hayakupelekwa Dandora.

Tazama basi jinsi hukumu ilivyogawanyika. Kijana wa kwanza alipata mashine 1, kwa kuwa ipo iliyostahili kuondolewa. Mwanafunzi alipata 3. Mwenye karakana alipata fundisho lake kuu, kwamba kitu kizima kisiachwe kwa sababu ya uvumi. Kila mmoja alikuwa na kipande cha ukweli mkononi. Kosa lao halikuwa kusema uongo. Lilikuwa kukiita kipande kizima. Na zile mashine 2 ambazo hazikuhitaji ubishi wowote zilisahauliwa na wote, kwa sababu kuzijua kulitaka kutazama, na kutazama ni kazi.

Pana methali isemayo kwamba mchagua jembe si mkulima. Wengi huitumia kuwanyamazisha wanaouliza juu ya vyombo. Mimi naona methali hiyo haikumkataza mkulima kujua udongo wake. Imemkataza kukaa chini ya mti akisifu mipini wakati mvua inapita. Mkulima mwema hulitazama shamba kwanza, kisha mfuko wake, kisha mhunzi aliye karibu wa kulitengeneza jembe likivunjika. Mafundi wa Kamukunji wafuao majiko na masanduku ya bati juani huishi kwa kanuni hiyo. Hawaulizi jina la nyundo; huuliza ipigwe nini.

Kanuni hiyo yatosha kuupimia kila ubishi wa mashine, uwe juu ya simu, kompyuta, au chombo ambacho hakijazaliwa. Maswali ni matatu. Kazi ni ipi? Nani atalipa? Kikiharibika, nani wa karibu awezaye kukitengeneza? Shauri lisilopita katika milango hii mitatu ni porojo, hata likisemwa kwa majina magumu. Shauri lipitalo ni msaada, hata likisemwa na mtu asiyejua jina la prosesa yake.

Vijana wasomaji wataulizwa mashauri mengi ya namna hii, kwa kuwa wazazi wao huamini ya kuwa waliozaliwa karibuni wanajua vitu vya karibuni. Imani hiyo ni heshima, na heshima ni deni. Mama akikuuliza mashine gani anunue, ameweka akiba yake ya chama kinywani mwako. Usiijibu kama ubishanaye na wenzako kituoni. Muulize kwanza, na ukiwa hujui, sema hujui. Neno hilo ni fupi na halina aibu. Na siku ile katika kibanda cha kinyozi, ndilo neno pekee ambalo hakuna aliyethubutu kulitoa.