Wimbo na Mwenye Wimbo

Kila taifa lina nyimbo za kale ambazo limezichuja kwa muda mrefu, likaacha zilizo hafifu na kuhifadhi zilizo bora. Wajerumani wana Bach na Beethoven. Pwani yetu ina taarabu, ambayo Siti binti Saad aliiimba katika santuri mwaka 1928. Wasomali nao wana qaraami. Ni juu ya hizi za mwisho, msomaji, nipendapo kusema nawe, kwa kuwa zi karibu nasi kuliko tunavyodhani.

Ifo ni kambi ya wakimbizi karibu na Dadaab, katika Kaunti ya Garissa. Ilifunguliwa mwaka 1991, vita vilipoivunja Somalia. Pamoja na Dagahaley na Hagadera ilikusudiwa watu 90,000. Kufikia mwaka 2011 kambi za Dadaab zilikuwa na watu zaidi ya 400,000. Akimbiaye vita hachukui kabati wala kitanda. Hushika mtoto mkono, akaenda na yale yaliyomo kichwani mwake. Wimbo ni mali isiyo uzito begani, wala askari wa mpakani hawezi kuipekua.

Asili ya nyimbo hizi ni ya kawaida kabisa. Katika miaka ya 1940 dereva mmoja wa lori, Abdi Sinimo, alieneza mashairi mafupi ya mapenzi yaliyoitwa balwo. Wazee na masheikh wengi waliyachukia, vijana waliyapenda. Baadaye mashairi hayo yaliunganishwa, yakawa nyimbo ndefu, na Abdullahi Qarshe akaziimba kwa udi. Qarshe alizaliwa Moshi, Tanganyika, mwaka 1924, akakulia Aden. Basi yule ambaye Wasomali humwita baba wa muziki wao alizaliwa chini ya Kilimanjaro. Je, tutasema tena kwamba muziki huu ni wa wageni?

Wako wasemao kwamba nyimbo za Kisomali zote ni sauti moja. Hukumu hiyo ni ya sikio lenye haraka. Taarabu hupanda na kushuka katika ngazi ya sauti saba na zaidi. Wimbo wa Kisomali hujengwa juu ya sauti tano tu. Mwenye nafasi ndogo hulazimika kuipamba kwa uangalifu. Sikiliza jinsi mwimbaji anavyoikawiza sauti moja, na jinsi udi unavyomjibu anapopumua, nawe utaona kwamba uchache si umaskini.

Tena sikiliza maneno, hata kama huyajui maana. Sisi tumezoea kungoja kina mwishoni mwa kipande, mizani minane kwa minane. Mshairi wa Kisomali hufanya kinyume: huchagua herufi moja, na katika kila mstari lazima liwemo neno linaloanza kwa herufi hiyo, tangu mwanzo wa shairi hata mwisho. Sikio likishaitambua herufi, huanza kuingoja, na kungoja huko ndiko nusu ya furaha. Kwa sababu hiyo naona kwamba nyimbo za siku hizi, ambazo kinanda cha umeme hupigwa kwa nguvu juu ya mwimbaji, zimepata kishindo na kupoteza kitu kikubwa. Vina vya Kisomali vimo vichwani mwa maneno; ukiyafunika maneno umeubomoa wimbo.

Sasa tufikie jambo zito zaidi. Nyimbo hizi zilisafiri kwa kanda, kanda moja ikinakiliwa kutoka nyingine, na leo zinasafiri kwa simu. Mwaka 1988 ndege za serikali zilipoupiga mabomu mji wa Hargeisa, kanda za redio ya mji huo zilifichwa, nyingine zikafukiwa ardhini ili zisipotee. Nyingi zimekusanywa tena, na leo maelfu ya kanda yanatunzwa huko Hargeisa. Walioyafanya hayo walistahi kazi za watu.

Lakini kila nakala hupunguza kitu. Sauti hufifia kidogo, na jina hupotea zima. Katika ada ya zamani ya Wasomali, msomaji wa shairi la mwingine alipaswa kulisema neno kwa neno na kumtaja aliyelitunga. Asiyemtaja alihesabiwa mkosefu. Wimbo wao mara nyingi una wenyewe watatu: aliyetunga maneno, aliyetunga sauti, na aliyeuimba. Sisi tunaopeleka nyimbo kwa kidole kimoja twasema tu, “Sikiliza huu, ni mtamu.” Utamu bila jina ni kama barua isiyo sahihi: huisoma, lakini hujui umshukuru nani.

Kwa mkimbizi hasara hiyo ni kubwa zaidi. Aliyepoteza nyumba na shamba akisahauliwa jina katika wimbo wake pia, amebakiwa na nini?

Kwa hiyo, msomaji kijana, mwenzako wa darasani aliyezaliwa Ifo akikupa wimbo wa wazee wake, usiupokee kwa masikio tu. Muulize maana ya maneno, herufi iliyochaguliwa, na majina ya wale watatu. Asipoyajua, nendeni pamoja mkamwulize bibi yake. Kisha nawe mpe wa kwenu, na jina la mwenyewe likiwa mbele.