Heko kwa Mafundi wa Chembe za Mafuta

Repaglinaidi, dawa ya kisukari aina ya 2, ni kaidi. Haiyeyuki vizuri majini, na ini huidaka mapema, hata karibu nusu ya kidonge haifiki kwenye mzunguko wa damu. Ndiyo maana nawapa heko wafamasia wanaoivika mafuta.

Kazi yao inanukia jikoni. Huyeyusha mafuta magumu, huchanganya dawa humo, humimina maji ya moto yenye kiungo cha kupatanisha mafuta na maji, kisha hukoroga kwa mashine kali. Yakipoa, matone huganda kuwa chembe za nanomita mia chache. Unywele una upana wa nanomita 80,000 hivi! Tumboni chembe hizo humeng'enywa kama chakula, na sehemu ya dawa huweza kupitia mishipa ya limfu, ikilikwepa ini.

Ninachokistahi zaidi ni subira. Mafuta magumu peke yake hujipanga kama matofali na kuitema dawa ingali ghalani. Mfamasia Rainer Müller na wenzake, huko Berlin, waliyachanganya na mafuta ya kimiminika ili kuuvuruga mpangilio huo. Michanganyiko mingi huishia kwa panya wa maabara. Hata hivyo, mafundi hawa hurudi mezani, wakapima upya.