Sifa za Video ya Wima

Wapo wanaozidharau video fupi za simu, nami siwalaumu: nyingi ni kelele na kiki tupu. Lakini kazi haihukumiwi kwa wanaoiharibu. Anayetaka kuiona ikifanywa vizuri aende Nyamirambo, Kigali, saa kumi na moja jioni, jua likianza kulegea, aingie Biryogo kwenye barabara iliyofungiwa magari na kupakwa rangi.

Hakosi kumkuta kijana kachuchumaa mbele ya jiko la mishikaki. Kwanza anafuta lenzi kwa pindo la fulana; wengi hulisahau hilo, wakalaumu simu. Kisha anabana viwiko mbavuni, anaisimamisha simu wima na kutulia. Hasogei, anauacha moshi usogee. Anachukua mafuta yakidondokea makaa, mkono ukigeuza nyama, na maneno ya Kiswahili na Kinyarwanda yakipishana kama ilivyo kawaida ya mtaa huo. Akifika nyumbani atabakiza sekunde ishirini tu. Maandishi atayapandisha juu kidogo, kwa kuwa upande wa chini wa kioo hukaa maelezo na kulia hukaa vitufe.

Huko kubakiza ndiko kazi iliko. Kurekodi, kila mwenye simu anaweza. Kukata kunataka roho ngumu. Salamu ndefu, ambazo sisi tunazipenda mno, hazina nafasi: kabla hujamaliza kuuliza hali, mtazamaji keshapita. Lazima moshi uonekane tangu sekunde ya kwanza. Waandishi wa insha tungejifunza hapo, mimi nikiwa mbele.

Wakongwe wa sinema waliiona fremu ya 9 kwa 16 kuwa kilema. Mimi naona Kigali iliihitaji. Mji huu ni vilima. Ukiilaza kamera, mlima unakuwa tambarare. Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani ya UCI, shirikisho la mchezo huo, yalipokuja Afrika kwa mara ya kwanza, yalifanyika hapa, na ni simu iliyosimamishwa wima iliyofaa kuonyesha jinsi barabara ya mawe ya Kimihurura inavyopanda.

Na dansi je? Sherrie Silver, mzaliwa wa Rwanda aliyekulia Uingereza, ndiye aliyebuni dansi ya video ya wimbo "This Is America" mwaka 2018. Leo taasisi yake inafundisha watoto wa Kigali kucheza, na video zao fupi zimezunguka dunia. Dansi inataka mwili mzima, kuanzia unyayo hadi ncha za vidole, na mwili wa binadamu umesimama wima.

Wafuasi wa video kama hizi huja polepole, kwa anayeposti leo, kesho na keshokutwa bila kumdanganya mtu kwa kichwa cha habari. Wa kununuliwa hawatazami. Nawe ukitaka kuanza, anza na mtaa wako, na kila utakayemrekodi umwombe ruhusa kwanza.