Kurasa Tatu Zilizounguzwa kwa Kiko

Wanaokusanya matoleo ya kifahari ya The Lord of the Rings aghalabu huanza kutazama kasha, dhahabu ya jaladani na sahihi ya mchoraji. Mimi nikishika toleo jipya huuliza kwanza kama kurasa za Kitabu cha Mazarbul zimo.

Msomaji wa Tolkien, mtunzi wa hadithi hiyo, anakikumbuka: kumbukumbu za vijeba waliorudi kuishi katika migodi ya Moria wakaangamia humo. Mchawi Gandalf anakiokota kimechanika, kimelowa damu iliyokauka, na anasoma kwa taabu habari za siku zao za mwisho. Mwandishi mwingine angeridhika na maelezo hayo. Tolkien alikaa akazitengeneza kurasa tatu kwa mkono wake. Aliziandika kwa herufi alizozibuni mwenyewe, akazirarua kingo, akaziunguza kwa kiko chake, akatoboa vitundu upande ambao uzi wa mshonaji ungepita, kisha akapaka rangi nyekundu mahali pa damu. Fikiria kitundu kile cha uzi: nani angekidai? Hadithi haikukihitaji. Lakini ukurasa uliong'oka kitabuni lazima uwe na alama ya mshono, na profesa yule wa Oxford hakuwa mtu wa kuruka jambo kama hilo.

Juzuu ya kwanza ilipotoka mwaka 1954, wachapishaji wake, Allen & Unwin, waliziacha kurasa hizo nje kwa sababu gharama ya kuchapa rangi ilikuwa kubwa mno. Tolkien alifariki mwaka 1973 bila kuziona ndani ya kitabu. Ziliingizwa katika toleo la HarperCollins la mwaka 2004, la kuadhimisha miaka 50.

Sisemi michoro ya wengine haina thamani. Lile toleo la Folio Society la mwaka 1977 lina michoro ya mtu aliyejiita Ingahild Grathmer, ambaye kumbe ni Margrethe, aliyekuwa Malkia wa Denmark hadi mwaka 2024. Eric Fraser ndiye aliyeichora upya kwa ajili ya uchapaji. Lakini anayenivuta zaidi ni Alan Lee, aliyechora picha 50 za rangi ya maji kwa toleo la mwaka 1991. Lee ana adabu ya kusimama mbali. Rivendell yake ni bonde na magenge kwanza, nyumba baadaye. Watu wake mara nyingi ni wadogo chini ya miti na kuta, na sura zao anakuachia wewe. Wachoraji wengi wa hadithi za namna hii hukimbilia panga na macho makali, na ukishawaona mashujaa wao, wale uliokuwa nao kichwani wanafukuzwa.

Mwaka 2021 likaja toleo lenye michoro ya Tolkien mwenyewe, maandishi kwa rangi mbili na kingo za kurasa zimepakwa rangi. Zuri, sikatai. Ila hata kurasa za Mazarbul zikichapwa vizuri namna gani, kidole kikipita juu yake kinateleza tu: tundu ni doa la wino, uunguzaji ni kahawia ya mtamboni. Hata hivyo, nikiwekewa mezani toleo la ngozi lisilo nazo na lile la 2004, nitachukua la 2004, na ngozi abaki nayo muuzaji.