Hukumu ya Mungu na Hukumu ya Jirani katika Rosa Mistika

Riwaya ya Euphrase Kezilahabi iitwayo Rosa Mistika, iliyotolewa mwaka 1971, aghalabu husomwa kama hadithi ya malezi. Msomaji humlaumu Zakaria, baba mlevi, kwa ukali wake. Humlaumu Rosa kwa udhaifu wake. Au hulaumu shule zilizomfundisha binti vitabu zisimfundishe dunia. Hayo yote yamo. Lakini kitabu hakikomei kaburini. Baada ya vifo mwandishi anawasimamisha baba na binti mbele ya Mungu, na kesi inasikilizwa upya. Sura hiyo ya mwisho hupitwa upesi, kana kwamba ni nyongeza tu ya mtu aliyepata kusoma seminari. Yafaa itazamwe kwa makini, kwa kuwa ndiyo inayotoa wazi swali ambalo riwaya nzima inalizunguka: ni nani mwenye haki ya kumhukumu Mkristo mwenzake?

Ili kuona uzito wa swali hilo, ni vema kuanza katika nchi ambako Rosa anapelekwa kusomea ualimu, yaani Morogoro. Mto Ngerengere huanzia katika milima ya Uluguru, hupita kando ya mji wa Morogoro, kisha huelekea mashariki hata kuungana na Ruvu. Na mji mdogo wenye jina hilo uko katika reli ya kati, baina ya Morogoro na Dar es Salaam. Nchi hiyo ni miongoni mwa zile za bara zilizopata mapema mafundisho ya Kikatoliki. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868. Wakafungua misheni ya Morogoro mwaka 1882, na ya Tununguo, si mbali na Ngerengere, mwaka 1884. Wakristo wa kwanza wa misheni hizo walikuwa hasa watu waliokombolewa utumwani, wakaozwa na kupewa mashamba katika vijiji vya Kikristo. Katika vijiji hivyo padre hakuwa mhubiri tu. Alikuwa pia mkuu wa kijiji na mwamuzi wa magomvi. Ndiye aliyemwonya mlevi, na ndiye aliyemtenga na sakramenti mtu aliyeoa mke wa pili.

Mpango huo ulikuwa na faida zake, maana mtu aliyenyang'anywa ukoo alipata jamii ya kumtetea. Lakini uliacha na tatizo. Amri ya Mungu na amri ya misheni zilisikika kwa mdomo mmoja, hata ikawa vigumu kwa muumini wa kawaida kujua mwisho wa hii na mwanzo wa ile. Aliyetengwa na padre alionekana na majirani zake kuwa amekwisha kutengwa na Mungu. Katekisimu yenyewe haikufundisha hivyo. Ilifundisha kwamba ziko hukumu mbili, na zote mbili ni za Mungu: moja ya kila mtu peke yake afapo, na nyingine ya watu wote siku ya mwisho. Jirani hakupewa kiti katika mojawapo. Hata hivyo kiti hicho alikikalia mara nyingi, tena bila kujua kwamba amekaa.

Sehemu ya lawama iko katika lugha. Neno hukumu limetoka katika Kiarabu, nalo lina ndugu zake katika Kiswahili: hakimu, mahakama, na hekima. Yaani katika asili yake kuhukumu si mbali na kuwa na busara ya kupambanua. Lakini katika matumizi ya kila siku neno hili limeegemea upande mmoja. Asemaye kwamba fulani amehukumiwa hufahamika kuwa fulani ameonekana na hatia na amepewa adhabu. Kigiriki cha Agano Jipya nacho kina kitenzi kimoja kinachobeba maana ya kutenga, kupambanua, kuamua na kulaani. Na wafasiri wa Biblia ya Kiswahili walilazimika kutumia hukumu mahali pengi ambapo msikilizaji angeweza kudhani ni jambo moja tu linalosemwa.

Ndiyo maana maandiko huonekana kupingana. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 7, Yesu anawakataza wafuasi wake wasihukumu, naye anatoa mfano wa mtu anayeona uchafu mdogo katika jicho la mwenzake huku jicho lake limezibwa na kitu kikubwa. Lakini katika sura ya 18 ya Injili hiyo hiyo anaagiza ndugu aliyekosa aonywe: kwanza faraghani, kisha mbele ya mashahidi wachache, na mwishowe mbele ya kanisa. Paulo naye anawauliza Warumi kwa nini wanamhukumu mtumishi wa bwana mwingine, ilhali anawalaumu Wakorintho kwa kumvumilia mwovu miongoni mwao. Msomaji mwenye haraka atachagua andiko limpendezalo. Mwenye kupenda kulaumu atashika Wakorintho; mwenye kutaka kuachwa atashika Mathayo 7. Lakini maandiko haya yakiwekwa pamoja yana maana moja. Kitendo chaweza kuitwa kibaya, na mtendaji aweza kuonywa, hata kanisa laweza kumweka kando kwa muda ili arejee. Jambo lisiloruhusiwa ni kutamka mwisho wake. Kuonya humwachia mtu njia ya kurudi. Hukumu ya mwisho huifunga njia hiyo, na mwenye ufunguo ni mmoja.

Kwa kipimo hiki Rosa Mistika yaweza kusomwa vingine. Katika kijiji cha Namagondo, huko Ukerewe, karibu kila mtu anahukumu na karibu hakuna anayeonya. Zakaria, aliyepata kuwa mwalimu, anampiga Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Hamwulizi, anamwadhibu. Adhabu inatangulia kosa, na hili ndilo jambo ambalo mwandishi amelionyesha kwa ustadi mkubwa: mtoto anahukumiwa kwa dhambi asiyoijua, kisha anakwenda kujifunza dhambi hiyo akiwa amekwisha kulipa gharama yake. Rosa anapofika shule ya sekondari anaogopa wavulana hata anachekwa. Woga ule ulikuwa ukuta uliojengwa kwa fimbo. Na fimbo ilipokuwa mbali, ukuta ukaanguka. Morogoro, ambako hakuna hata mmoja amjuaye baba yake, ndiko anakozidi kuzama.

Hukumu ya pili ni ya Charles, mchumba wake, na ni kali kuliko ya baba kwa sababu imevaa mavazi ya haki. Charles anampenda Rosa, lakini apatapo kujua kwamba si bikira anamkataa. Kwa desturi ya mahali na wakati wake, Charles hana hatia, wengi wangemsifu. Hapa jina la kitabu linaanza kuuma. Rosa Mistika ni mojawapo ya majina ya sifa ambayo Wakatoliki humwitia Bikira Maria katika litania, na maana yake ni waridi la fumbo. Binti amepewa jina la usafi, naye anapimwa kwa jina hilo. Lakini fumbo ni jambo lisiloonekana kwa macho ya nje, na wote waliompima Rosa walipima yale yaliyoonekana: barua, mwendo, uvumi, mwili. Hakuna aliyepima moyo, wala hakuna aliyekuwa na mizani ya kazi hiyo. Baada ya kukataliwa Rosa anajiua.

Kifo hicho kinaiweka riwaya mahali pagumu mbele ya wasomaji Wakristo, na ni lazima kukumbuka sheria iliyokuwa ikitumika wakati kitabu kilipotoka. Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1917 zilimnyima maziko ya kanisa mtu aliyejiua kwa kusudi, isipokuwa kama kabla ya kufa alionyesha dalili za kutubu. Kwa jamaa na majirani maana yake ilionekana wazi: asiyezikwa na kanisa amepotea. Sheria haikusema hivyo, kwa sababu Kanisa halikujipa mamlaka ya kumtaja mtu yeyote kwa jina kwamba yuko motoni. Lakini jeneza lililopita mbali na mlango wa kanisa lilihubiri kwa nguvu kuliko kitabu cha sheria. Sheria mpya za mwaka 1983 hazikumtaja tena aliyejiua miongoni mwa wanaonyimwa maziko, na Katekisimu ya mwaka 1992 inafundisha kwamba watu wasikate tamaa juu ya wokovu wake, kwa kuwa Mungu ana njia azijuazo mwenyewe. Kezilahabi aliandika miaka 12 kabla ya badiliko la kwanza. Kumpeleka mbele ya Mungu binti aliyejiua, na kumpa nafasi ya kusema, lilikuwa jambo la ujasiri kwa kijana aliyelelewa katika Kanisa hilo.

Thamani ya sura ya mwisho, basi, ni kusikilizwa. Kule Namagondo mshtakiwa alikuwa Rosa peke yake. Mbele ya Mungu yuko na baba yake, na malezi yanaletwa barazani pamoja na mwenendo. Hukumu ya jirani hukata tukio moja na kulitazama peke yake. Hukumu ya Mungu, kama riwaya inavyoiwaza, huanza mbali, tangu siku ya fimbo ya kwanza. Mwandishi hasemi kwamba dhambi si dhambi. Anasema kwamba dhambi ina ukoo, na kwamba mwenye kuujua ukoo wote ndiye awezaye kuhesabu fungu la kila mtu.

Hata hivyo kitabu kina kasoro, nazo zinahusu jambo hili hili. Msimulizi hupenda kuzungumza na msomaji moja kwa moja, na katika sehemu za katikati sauti yake huelekea mimbari. Humsindikiza Rosa kutoka kosa hadi kosa huku akimnyoshea kidole, hata msomaji akakaribishwa kukaa pamoja na watu wa Namagondo. Kisha sura ya mwisho inaomba msomaji huyo huyo amwonee Rosa huruma. Mtu aweza kudai kwamba hiyo ni hila: msomaji aachwe ahukumu, kisha aone aibu. Dai hilo lina ladha, lakini halitoshi. Aibu ya msomaji ingekuwa na nguvu zaidi kama msimulizi angetulia na kuacha vitendo vijisemee. Ilivyo, mwandishi anashutumu tabia ambayo yeye mwenyewe hajaiacha.

Ulinganisho na utungo wa kale wa pwani wasaidia kulifafanua jambo hili. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir inahofisha juu ya moto wa ahera, na inaonyesha magofu ya majumba ya Pate kuwa ushahidi wa dunia ipitayo. Imani yake ni ya Kiislamu, lakini funzo lake la usanii ni la wote. Mshairi hamwambii jirani. Anauambia moyo wake mwenyewe. Hofu ya kiama inamwangukia msemaji kwanza, na msikilizaji anaingia ndani yake kwa hiari. Mafundisho ya Kikristo kuhusu siku ya mwisho yangekuwa na sura nyingine kabisa katika fasihi ya Kiswahili kama yangefuata njia hiyo: mhubiri ajihubirie, na watu wasikie. Kezilahabi alikuwa na vifaa vya kufanya hivyo, kwani alimjua Rosa kwa ndani. Lakini katika riwaya hii ya kwanza alisita kati ya kumjua na kumfundisha.

Vitabu vina hukumu zao pia. Rosa Mistika ilizuiwa kusomwa shuleni kwa muda, kwa hofu kwamba ingeharibu vijana. Waliozuia walitazama matendo ya Rosa yaliyoelezwa bila kificho, kama Charles alivyotazama. Na kama Charles, hawakudanganywa na macho yao, ila waliishia hapo. Baadaye kitabu kilirudi mikononi mwa wanafunzi.

Kwa msomaji wa Ngerengere riwaya hii yaweza kuleta fikira moja ambayo mwandishi hakuiandika. Miongoni mwa Waluguru, Wakutu, Wakwere na Wazaramo iko desturi ya utani baina ya koo na baina ya makabila. Mtani ana ruhusa ya kumwambia mtani wake ubaya wake mbele ya watu, kwa mzaha mkali usiojibiwa kwa hasira. Penye msiba mtani hutaja hata ubahili na ulafi wa marehemu, waombolezaji wakacheka katikati ya machozi. Lakini mtani huyo huyo ndiye anayeshika kazi za maziko. Ukweli anausema mtu mwenye jembe mkononi, aliye tayari kumsitiri yule anayemsema. Desturi hii si Injili, wala haina haja ya kufanywa hivyo; ila inajua jambo ambalo Namagondo ya riwayani haikulijua, kwamba anayetaja kosa la mwenzake awe na wajibu juu ya mwenzake huyo, hai au maiti.

Hilo ndilo lililokosekana katika maisha ya Rosa. Waliomsema walikuwa wengi, na waliombeba walikuwa wachache. Riwaya haikufuta hukumu ya Mungu, bali iliinua juu ya mikono ya watu. Ndiyo maana mlango wake wa mwisho unafunguka baada ya kaburi: hapa chini hapakuwa na baraza lililokuwa tayari kumsikiliza.